Nipo, Sipo, Ngoja

Siku ya pili ya azaa, matanga ya Ami Seif, nilikuwa napita na dalla, birika la kahawa, upande wa wanawake, pale pale nyumbani kwake Ibra, Oman, nikamwona msichana aliyekaa karibu na mlango akiandika kwenye simu. Sikukusudia kusoma. Lakini mtu akiinama kumimina kahawa macho huenda yanakotaka, na yangu tangu zamani hayana adabu. Aliandika: "Ahlam nipo. Kiti." Basi. Akaituma, akaitia simu mkobani, akanyoosha mkono kupokea kikombe. Nami nikabaki nimesimama, mpaka jirani yake akanivuta nguo: "Khaloo, kahawa inamwagika."

Nikamwuliza yule binti nani aliyemfundisha kuandika namna ile, jina mwanzo, halafu nipo, halafu nukta. Alinitazama kama nimemwuliza nani kamfundisha kuvua viatu mlangoni. "Ndivyo tunavyoandika watu wa basi, khaloo. Walimu wote wa Ami Seif." Nikamwuliza, na hiyo kiti ni nini? Akaona haya, akacheka chini kwa chini, akajifunika mdomo kwa ncha ya shela. Hakunijibu, nami nikapita kwa mwengine, maana vikombe havingoji. Lakini neno lilinikwama kooni kama kokwa ya tende. Nipo nalijua, nimelizaa mimi. Sipo na ngoja pia ni wanangu. Kiti si wangu. Limetoka wapi?

Mwaka niliowazaa wanangu hao watatu nilikuwa na miaka ishirini hivi, nimemaliza skuli na alama ambazo hazikunifikisha popote, na kichwa kimejaa ndoto za kutosha mji mzima. Ami Seif, mdogo wake baba, akaniita Ibra nimsaidie kazi. Alikuwa na mabasi madogo ya kuwachukua walimu wanawake. Zama zile mwalimu akipata kazi alipelekwa skuli za mbali, upande wa mchangani, upande wa milimani, mpaka njia ya Al Kamil, na baba au mume hakubali binti wa watu asimame barabarani kungoja gari. Basi lilikuwa lazima lije mpaka mlangoni, alfajiri, na limrejeshe mpaka mlangoni. Ami alikuwa maarufu kwa hilo. "Mimi sichukui abiria," akisema, "mimi nachukua amana."

Ofisi yetu ilikuwa ghala la zamani la tende, chumba chembamba nyuma ya jiko. Harufu ya asali ya tende haikutoka ukutani hata tulipopaka rangi, na sisimizi walikuwa wakipita juu ya meza kwa adabu kama watu wanaokwenda msikitini. Meza yenyewe ilikuwa ya cherehani ya Bibi, na Bibi, mama yake Ami, hakuacha kutukumbusha. "Kompyuta yenu itakapokufa," akisema, "nirudishieni meza yangu, nina magauni ya kushona." Asubuhi tulikula mkate wa kumimina na chai ya maziwa, mchana wali na papa mkavu wa kutoka Sur, na mchana kutwa simu ya Ami ililia.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Kwetu simu haianzi na shughuli. Nilikuwa nikikaa na sahani yangu nikimsikiliza Ami barazani. "Salaam alekum, Ami." Waalekum salaam. "Shikamoo." Marahaba binti yangu, mo akhbarish, habari zako? "Khair. Mo ulumak?" Ma shay ulum, hakuna jipya, alhamdulillah. Na mama hajambo? Na mguu wake? Na yule aliyekwenda Maskati karudi? Kwa wale waliokuwa Waarabu watupu maamkizi yalikuwa marefu zaidi, maana huulizwa habari, husema hakuna habari, kisha huulizwa tena, husema ni za kheri tu, halafu ndiyo habari yenyewe hutoka: kesho siendi skuli, mtoto ana homa. Mpaka hapo walimu wengine wote wamekwishapiga na kukuta simu imeshikwa. Alfajiri basi linakwenda kwa asiyekwenda kazini, na anayekwenda anapitwa kwa kuwa gari limechelewa.

Dawa yake tuliipata kwa Moza. Moza alikuwa rafiki yangu wa skuli, watu wao wametokea Burundi, na Kiswahili chake cha bara kilimchekesha Bibi mpaka machozi. Alikuwa akisoma kompyuta chuoni Nizwa, akija kwetu kila Alhamisi na kulala mpaka Ijumaa jioni. Alileta waya, akafunga simu ya zamani ya Ami kwenye kompyuta, akaandika programu ya kusoma meseji zinazoingia na kuwapelekea madereva. "Sistemu," akisema Moza, "ni lugha tu. Tukikubaliana lugha, mashine itafanya kazi sisi tumelala." Niliipenda sentensi ile. Nilitaka kujua kila kitu. Mashine inajuaje kuwa neno limekwisha? Inaona nafasi tupu, au inaona giza? Moza alinijibu kwa subira kwanza, halafu kwa mto wa kochi.

Lugha yetu ya kwanza ilikuwa ya namba tupu. Namba ya mwalimu, namba ya kijiji, namba ya siku, namba ya sababu, zote zimefuatana kama treni. Wallahi tuliona tumevumbua dunia. Mimi ndiye niliyetaka namba kwa kila jambo: homa, harusi, mvua, mgeni kaja ghafla, funguo zimepotea. Moza naye hakunizuia, kwa sababu kila nikisema jambo jipya macho yake yalimeta. Tukachapa karatasi, tukawagawia walimu. Wiki ya pili tukachapa nyengine. Mwezi wa Ramadhani saa za skuli zikabadilika, ikabidi namba ya saa iingie, tukaitia katikati, na zilizokuwa nyuma yake zote zikasogea. Karatasi ya jana ikawa ya uongo. Mwalimu mmoja wa njia ya Al Kamil akaandika kwa karatasi ya zamani kwamba ana mafua, mashine ikasoma kuwa kajifungua. Ami Seif, mtu wa watu, akanunua bati la samli na kuku wawili akaenda kutoa hongera. Baba wa binti akamfungulia mlango. Binti hajaolewa.

"Nimesimama na kuku," Ami alitusimulia, bado jasho linamtoka, "na yule mzee ananitazama, ananiuliza, hongera ya nini, Seif? Nikasema, hongera ya… ya mwezi mtukufu!" Bibi alicheka akaangusha tasbihi. Moza akasema tutaongeza namba ya kuhakikisha. Ami akasema, "Ongezeni, lakini kuku wa pili mtanunua nyinyi."

Tulikuwa na kanuni moja zaidi, na tuliiona ya busara: lolote mashine isiloweza kulisoma ilitupe, isijichafue.

Katika walimu wote nikimpenda zaidi Raya. Alitoka Sur, ameolewa na mwanajeshi jina lake Nasser aliyekaa kambini Maskati, na yeye alipanga chumba kwa bibi mmoja jirani yetu ili apate kusomesha watoto wadogo katika kijiji kilicho ng'ambo ya wadi, bonde la mto lililo kavu takriban mwaka mzima, mwendo mrefu kutoka Ibra. Akirudi kazini hupita jikoni kwetu, anakaa juu ya gunia la mchele, anatusimulia watoto wake. Yupo mmoja alikuwa haandiki herufi ya mwisho ya jina lake kwa kuwa anamwekea mdogo wake. Raya aliweza kusimulia jambo kama hilo mpaka chai ikapoa. Na alikuwa akinitazama mimi na maswali yangu bila kunicheka. Mama mkwe wake alimtaka arudi Sur akae naye, na Nasser alikuwa katikati, hajui aelekee wapi.

Jioni moja Raya alituma meseji kuwa kesho achukuliwe kwa shangazi yake, mtaa wa pili, kwa sababu shangazi anaumwa. Ila aliianza kama anavyoanza mtu: salaam alekum, shikamoo Ami, habari za nyumbani. Mashine ikatafuta namba, haikuiona, ikaitupa. Asubuhi basi likapiga honi kwenye mlango usio na mtu, na Raya kule kwa shangazi akasimama nje mpaka jua likapanda, wanaume wanapita kwenda sokoni, wanainamisha macho, na mmoja wao akamjua Nasser. Jioni nikasikia Ami barazani, safari hii maamkizi yakawa mafupi, na ufupi wake ukanitisha. "Haki yako, Nasser. Haki yako kabisa. Haitokuwa tena." Akakata simu. Halafu akatuambia: "Anasema Jumamosi ya wiki ijayo anakuja likizo. Atakwenda kumchukua na virago vyake. Akifika akasikia Raya yuko radhi na safari ni salama, atafikiri. Lakini moyo wake umeshakwenda Sur."

Raya mwenyewe alikuja akakaa juu ya gunia lake. Hakulaumu. "Zuwena," alisema, "mtu ataanzaje na namba kabla ya salaam? Mimi nilijaribu. Mkono wangu unakataa." Kisha akaniuliza kama mkate wa kumimina umebaki, akala, na machozi yanamtoka huku anatafuna, nami nikalia kwa kumwona anatafuna.

Wiki ile Bibi alitembelewa na Ummu Hamad, mama wa kibedui aliyekuwa akituletea samli. Ziara zao nilikuwa nimeziona mara nyingi bila kuzitazama. Bibi alikuja Oman mtu mzima, na Kiarabu hakikumkaa. Ummu Hamad hajui neno la Kiswahili. Hata hivyo walikaa pamoja mchana mzima, tende kati yao, kikombe kinakwenda na kurudi, mpaka mmoja akitikise kuwa kimemtosha. Siku hiyo nikawatazama. Ummu Hamad anasema maneno mengi kama mvua, na Bibi anadaka anayoyajua: mtoto, mbuzi, hospitali, jua kali. Yasiyojulikana hayamshughulishi. Anayapisha, anasema "khair, khair," anaongeza kahawa. Na wakati wa kula, Ami akirudi, Bibi anayatoa yale asiyoyajua kama alivyoyasikia, sauti kwa sauti, kama kasuku. "Seif, kasema hivi na hivi, sijui ndiyo nini." Na Ami anaacha tonge. "Mama! Anakwambia mbuzi wake kazaa pacha na mmoja kakupa wewe!"

Nilisahau kumeza. Nikampigia Moza Nizwa, nikamwambia nimeiona lugha. Alhamisi akaja, nikamsimulia samli, mbuzi, pacha, yote.

"Kwa hiyo unataka sistemu iwe kama Bibi?"

"Ndiyo."

"Zuwena. Bibi hajui Kiarabu."

"Ndiyo maana!" nikamwambia. "Anajua kidogo, anadaka kidogo chake, na asichokijua hakitupi. Anampelekea anayejua."

Moza akachukua kalamu. Tukaanza kukata, na kukata ndiko kulikoniuma, maana kila namba niliyoifuta ilikuwa ndoto yangu moja. Yeye alitaka tubakishe maneno kumi. Mimi nikataka homa angalau ibaki, maskini homa. Ami akapita kuchukua funguo, akasema, "Mimi dereva alfajiri nataka kujua mambo matatu. Niende, nisiende, au nisome kwanza." Akatoka. Tukatazamana.

Basi ikawa hivyo. Mashine ipite juu ya salaam kwa heshima zake bila kujikwaa. Itafute jina. Itafute nipo, sipo, au ngoja. Nipo, njoo unichukue. Sipo, usije. Ngoja, usiondoke mpaka usome. Na kila kilichobaki, kiwe Kiswahili, Kiarabu cha herufi za kizungu, au upuuzi, isikitengeneze, isikitupe, ikipeleke kama kilivyo kwa dereva. Kukizuka jambo jipya, watu watalitafutia neno wenyewe na kuliweka nyuma, na neno hilo halitamvunjia mtu yeyote safari. "Mlango mdogo," akasema Moza, "uwanja mkubwa." Siku zile simu nyingi hazikuwa na Kiarabu, basi hata walimu wasiojua Kiswahili wakajifunza maneno yetu matatu kwa siku moja. Nilicheka sana kusoma meseji ya binti wa kibedui: "Nipo, wallahi nipo."

Jumamosi ikafika. Raya alikuwa huko huko kijijini, yeye na mwenzake wamelala kwa mudira wao, mwalimu mkuu, kwa sababu ya mitihani. Nasser akaja alfajiri na nguo safi, uso umefungwa, akapanda basi mbele pamoja na Ami. Nami nikapanda nyuma na walimu, nikijidai nataka kuona meseji zinavyomfikia dereva. Kwa kweli niliogopa kumwacha Raya peke yake. Mbingu juu yetu ilikuwa nyeupe, kavu, ila mbali juu ya milima kulikuwa na wingu moja zito. Harufu ya udi katika nguo za Nasser ikajaa gari.

Tulikuwa tunateremka kuelekea wadi, changarawe tupu, mbuzi wawili wanatafuna kichaka katikati, simu ya Ami ikalia. Akasimamisha gari, akainua miwani, akasoma kwa sauti. "Salaam alekum Ami, shikamoo. Raya ngoja. Wadi."

"Wadi nini?" akauliza Nasser.

"Kasema wadi tu."

Nasser akatazama lile bonde kavu, akacheka bila furaha. "Tone hamna. Huyu anajua nimo ndani ya gari. Anatafuta muda, ya ami. Twende."

Nilimwona Ami akiweka mkono juu ya gia. Nilimjua, hapendi kumbishia mtu kuhusu mkewe. Kisha akautoa. "Kasema ngoja," akasema. "Kwenye basi langu, aliyesema ngoja angojwe." Akazima injini, akatoa chupa ya chai.

Tukanywa chai. Nasser hakushika kikombe. Walimu wakaanza kunong'ona kuhusu mitihani. Mimi nikawa naitazama ile changarawe na, Mungu anisamehe, naiomba maji. Wale mbuzi ndio waliojua kwanza. Waliinua vichwa, wakapanda ukingo mbio. Halafu ikaja sauti kama lori linalomwaga kokoto, na baada yake maji yenyewe, mekundu, mazito, yamebeba gogo la mtende na tangi la maji la mtu, yakapita pale pale ambapo tungekuwepo. Mwalimu mmoja akasema shahada. Ami akamimina chai nyengine, akampa Nasser, na safari hii Nasser akapokea.

Baadaye tulijua kuwa Raya alisikia kutoka kwa baba wa mwanafunzi kuwa mvua imeshuka juu usiku kucha, akapanda juu ya paa la skuli ambako simu hushika, na vidole vyake vikawa baridi, akaweza kuongeza neno moja tu baada ya ngoja. Kwenye lugha yetu ya kwanza hapakuwa na namba ya wadi. Nilikuwa nimeweka ya funguo zilizopotea.

Nasser alikaa kwenye ukingo mpaka adhuhuri, maji yanapungua. Nilimwona akitoa simu yake, akaandika polepole kwa kidole kimoja. Jioni nikaiona kwenye kompyuta: "Salaam alekum. Nasser nipo. Ng'ambo ya maji. Usiogope." Mashine ilidaka nipo. Mengine ikayapisha, ikamfikishia Ami kwa kuwa ndiye dereva wa njia ile, na Ami akampelekea Raya. Nasser alivuka, akakaa huko siku moja, akarudi Maskati peke yake. Virago vya Raya vikabaki vilipokuwa. Alipopita kumuaga Ami alisema neno moja tu: "Basi lako linasikia."

Mimi nilikaa mpaka skuli zilipofungwa. Mwaka uliofuata nikaolewa Sur. Moza akapata kazi Nizwa. Kompyuta ikafa, nasikia, kwa sababu ya sisimizi, na Bibi akarudishiwa meza yake akashona magauni mawili kabla naye hajatutoka. Nilidhani na lugha yetu imekufa pamoja nayo.

Sasa nilipomaliza duru ya kahawa, nikarudi na dalla mpaka kwenye ukuta wa mbele, alikokaa mwanamke mnene mwenye miwani ambaye wasichana wote walikuwa wakimwita mudira na kumbusu kichwa. Nilimwamkia tangu asubuhi, tukalia pamoja, lakini mazungumzo hatukupata. Nikakaa karibu yake. "Raya," nikamwambia, "yule binti pale mlangoni kaandika kiti. Ndiyo nini?"

Akamtazama Ahlam, uso ukamlainika. "Mashallah. Basi na yeye." Akanisogelea sikioni kama tuko juu ya gunia la mchele. "Ni langu hilo. Ulipoondoka tu, nikapata mimba ya Hamed. Njia ile na mashimo yake, ukikaa nyuma roho inataka kutoka. Lakini nitamwambiaje Ami Seif, mwanamme, baba wa watu, kuwa nina mimba? Nikaandika, Raya nipo. Kiti. Hata mimi sikujua nakusudia nini. Nikasema, akielewa kaelewa."

"Akaelewa?"

"Alfajiri nikafungua mlango wa gari. Kiti cha mbele kitupu, na juu yake pana mto." Akavua miwani, akaipangusa. "Mto wa maua, ule wa kochi lenu. Hakuniuliza kitu. Hakunitazama hata. Akasema, ingia taratibu, binti yangu. Wenzangu wakaona, na kila aliyefika zamu yake akaandika vile vile."

Nikamimina kahawa kwenye kikombe chake. Akanywa, nikamimina tena, akanywa, na mara ya tatu akakitikisa.

Jioni, watu walipopungua, basi la walimu likaja kuwachukua, na kijana mgeni kabisa kwenye usukani. Nilitoka mpaka mlangoni kuwasindikiza. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, na mto umewekwa. Ahlam akapanda taratibu.